Mwangwi wa Jemadari

Mama alipoacha kula samaki ndipo nilipojua kwamba mnara umemshinda.

Hakusema. Mama yangu, Bi Mwanasiti, si mtu wa kusema. Ni mtu wa kukuachia uone mwenyewe, kisha akulaumu kwa kuchelewa kuona. Nilimkuta mchana amekaa mkekani katikati ya sebule, ghorofa ya ishirini, na mbele yake changu mzima amepoa kwenye sahani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unapita?"

"Napita tu. Kazini wananingoja."

"Kila siku unapita. Mimi nimekuwa stendi?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Nikamuuliza mbona hajala. Akanyoosha kidevu kuelekea dirishani. Huko, juu ya kizingiti kipana, paka wake, Kashata, alikuwa amejinyoosha ametugeuzia mgongo, akiwatazama nzi wa mizigo, vile vyombo vidogo vya kuruka, wanavyopita hewani na vifurushi vyao. Mkufu wake uling'aa shingoni.

"Kichwa cha samaki ni chake," mama alisema. "Siwezi kula mwili huku kichwa kinanitazama. Nimemwita, amegeuza sikio. Sikio moja, Saumu! Mimi niliyemnywesha maziwa kwa ncha ya kidole."

Nilitaka kumtania, lakini nikaiona mikono yake. Bangili zilikuwa zinateleza mpaka kwenye kiwiko. Watu wazima waliohamishiwa minara ya Kange miaka ile walikuwa na ugonjwa wao ambao hospitali haikuwa na jina lake. Majirani waliuita kiu ya ua, ua wa nyumba walizoziacha. Mtu huanza kwa kuacha kula, kisha huacha kusema, kisha asubuhi moja unagonga mlango haufunguliwi. Bi Halima wa mlango wa pili alikuwa ameondoka hivyo kabla ya Ramadhani. Mama alikuwa ameshafika kwenye kuacha kula.

*

Nyumba yetu ilikuwa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Sita, kabla mfereji mkubwa haujapitishwa. Ukisimama pale leo utaona maji ya mvua yanakwenda zake na nguzo ya taa imesimama peke yake. Lakini mimi nikifumba macho nasikia bado kengele za baiskeli, nasikia treni ya mizigo ikipiga honi kuelekea Pongwe, nasikia muuza machungwa akiapa kwamba yametoka Muheza asubuhi hii hii wakati yamekwisha kukunjamana. Na katikati ya yote namwona mama uani, amenyoosha miguu, anasuka ukili wa mikeka.

Mama alisuka ukili tangu nijue kuona. Vidole vilikwenda vyenyewe, macho yakiwa mlangoni, mdomo ukiwa na jirani. Mimi nilikaa nyuma yake, mgongo wangu kwenye mgongo wake, na fungu la miyaa, majani membamba ya kusukia, magotini. Akinyoosha mkono nyuma, nampa jani. Hageuki, haombi, ananyoosha tu mkono. Kaka yangu Mbwana na dada yangu Zaituni waliniita mkia wa mama, na mama akiwasikia alisema, "Acheni aitwe mkia. Huyu ndiye anayenipenda kuliko nyote."

Nilipokuwa mtu mzima na kuondoka, nafasi yangu ilichukuliwa na paka. Walikuwa watatu. Wa kwanza Jemadari, dume la kichwa kikubwa kama ndizi ya bokoboko, mtawala wa ukuta na wa vyote vilivyo chini ya ukuta. Wa pili Shangazi, jike la kijivu lililomtazama kila mgeni kana kwamba linajua alichokula jana na kwa nani. Wa mwisho Kashata, mweupe mwenye madoa ya rangi ya sukari iliyoungua, aliyeokotwa jalalani macho hayajafunguka.

Tuliwaita ndugu. Walilala kwenye ukuta mmoja, Jemadari katikati, Shangazi ubavuni, Kashata mwisho kabisa penye kigae kilichovunjika. Walikula sinia moja. Na Kashata ndiye aliyekuwa wa mapajani. Mama akisuka, yeye yumo kwenye upindo wa khanga. Mama akila samaki, kichwa kinashuka chini ya khanga kwa siri, na Kashata anakimeza huko huko gizani, mkia tu ndio unaoonekana. Wageni walikuwa wakisema hawajaona paka anayempenda mtu namna ile.

Siku ya kuhama, afisa wa mnara alieleza kanuni: paka mmoja kwa mlango mmoja, naye awe na mkufu, maana lifti haimpandishi mnyama isiyemtambua. Kabla hajamaliza kusema, mama alikuwa ameshamkumbatia Kashata. Jemadari na Shangazi walikwenda Muheza kwa Mbwana, ndani ya tenga, Jemadari akitukana njia nzima.

Siku za kwanza mnarani Kashata alikaa mlangoni, ananusa chini ya mlango, anasikiliza. Mama akasema, "Maskini, anawatafuta ndugu zake." Nami nikakubali. Kisha akaacha kunusa, akahamia dirishani, na hakurudi tena mapajani.

*

Kazi yangu mimi ni mikufu. Karakana yetu iko kwenye banda la zamani la reli, na humo ndani tunatengeneza na kurekebisha vile vitu ambavyo leo kila paka wa mjini anavaa. Mkufu husoma mapigo ya moyo, pumzi, joto la ngozi na mtetemo wa koo, kisha hupeleka hesabu kwenye kigae, kile kioo kidogo unachobeba mfukoni. Kigae kikiwa kijani, paka ametulia. Kikiwa bluu, ana huzuni au anaumwa. Kikiwa njano, ana furaha. Watu wamezoea sana. Utawaona kwenye lifti wanakiangalia kigae badala ya kumwangalia paka.

Mwangwi ni jambo jingine, na kwa hilo nilikuwa na fahari, maana nilishiriki kuutengeneza. Ulianza kwa paka wa kufiwa. Wapo paka waliokua wawili wawili, mmoja akifa mwenzake hagusi chakula. Tuligundua kwamba mkufu ukimjua paka fulani, harufu yake, sauti yake, namna anavyotembea, unaweza kumnong'oneza paka mwingine habari hizo kupitia vidole vidogo vya shaba vinavyogusa ngozi ya kisogo. Paka haoni kitu. Anajua tu: fulani yupo, yuko karibu, labda nyuma ya mlango. Wengi walirudi kula siku hiyo hiyo. Nilishapigiwa simu na watu wazima wanalia kwa shukrani.

Jemadari na Shangazi walikuwa wamevishwa mikufu kabla ya kuhama, pamoja na Kashata, kama paka wote wa mjini. Kwa hiyo nilikuwa nao wote wawili karakanani, kwa maana ya kuwa na harufu, sauti na mwendo wao.

"Unampelekea paka wa mama yako mizimu," alisema Shebughe, fundi mwenzangu, Msambaa wa Bumbuli mwenye mdomo usio na mlango. "Nyie Wadigo hamwachi uganga hata mkisoma."

"Nampelekea ndugu zake."

"Haya. Mradi wasidai ubwabwa."

Siku iliyofuata nilipita kwa mama nikiwa na mwangwi tayari. Nilimshika Kashata dirishani, nikabonyeza kitufe cha mkufu kwa ukucha. Masikio yake yakasimama, kisha yakalala. Akatazama mlango. Akashuka, akavuka sebule tumbo likikaribia sakafu, akapanda mapajani kwa mama, akajisukuma chini ya upindo wa khanga mpaka ukabaki mkia. Halafu tukausikia ule mkoromo wake wa shingoni, wa zamani, ambao mama aliufananisha na jungu la maharage.

"Amerudi!" mama alisema. "Saumu, baba yangu amerudi!"

Kigae changu kikawa njano, njano ya embe bivu. Mama akalia, akacheka, kisha akavuta sahani na kumla changu wa jana akiwa baridi, kwa mkono mmoja, maana mkono mwingine ulikuwa juu ya khanga. Nilitoka pale nikijiona mtoto mwema kuliko watoto wote wa Tanga.

*

Majuma yaliyofuata nayakumbuka kwa utamu mpaka leo, na hapo ndipo penye uchungu wake. Mama alinenepa. Bangili zilirudi mahali pake. Alimtuma mtu amletee miyaa kutoka Mkinga, akaanza ukili mpya, akawaita wanawake wa ghorofa ile waje wajifunze, na jioni sebule ikajaa vicheko na maneno ambayo wajukuu hawakupaswa kuyasikia. Nilipopita nilisikia harufu ya kahawa ya tangawizi tangu kwenye lifti. Mara moja nilimkuta akiimba nyimbo za vugo za harusini, na Kashata ndani ya khanga, na kwa dakika moja ghorofa ya ishirini ikawa ua wa Barabara ya Kumi na Sita. Ilikosekana treni tu.

Sasa, mwangwi unakula chaji. Mkufu wa kawaida hukaa muda mrefu, lakini wenye mwangwi lazima uvuliwe na kuwekwa juani. Mama alikuwa akiuvua wakati majirani hawapo. Mimi sikuwahi kuwapo, kwa sababu mimi, kama nilivyokwisha kusema, nilikuwa napita tu.

Mchana mmoja nikapita mkufu ukiwa dirishani. Nilifungua mlango nikakuta kitu cheupe kinaruka ubavu ubavu kutoka jikoni, mkia umevimba, kinakamata jani la mwaa, kinajiviringisha nalo, kinalipiga mateke, kinaliachia, kinajificha nyuma ya mtungi na kulivizia upya. Nilisimama pale mlangoni mkono ukiwa kwenye kitasa. Kashata alikuwa anacheza. Paka mzima, wa makamo, ambaye nilimjua tangu hajafungua macho na sikuwahi kumwona akicheza hata mara moja. Kule nyumbani mwenye kucheza alikuwa Jemadari.

"Mwone," mama alisema, anacheka. "Amepata wazimu wa uzeeni. Kila nikimvua mkufu anakuwa hivi."

Kisha alilala chali katikati ya jua, miguu minne hewani, tumbo lote nje. Na tumbo hilo pia sikuwahi kuliona.

Mkufu ulipojaa, mama akamvisha. Haikupita pumzi mbili, Kashata alikuwa chini ya khanga. Kigae kikawa njano. Nilipiga magoti, nikaingiza mkono chini ya kitambaa, na mkoromo ukajaa kiganjani mwangu. Lakini chini ya mkoromo mwili wote ulikuwa unatetemeka. Kucha zake zilikuwa zimepita khanga na kushika paja la mama.

"Anakuumiza, mama."

"Ananishika hivi tangu zamani. Anaogopa nisimwache."

Ndipo nikakumbuka Shangazi alipokuwa akizaa uvunguni mwa kitanda, miaka ya nyuma, mimi na mama tumelala kifudifudi tunamtazama. Alikuwa katika maumivu makali, mtoto wa kwanza amekaa vibaya, na alikoroma mwanzo hadi mwisho, kwa nguvu, mpaka mama akasema, "Anajibembeleza mwenyewe, maskini." Tulijua. Mimi nilijua, tena kabla sijajua kusoma saketi. Kisha nikaenda kufanya kazi kwenye mashine inayohesabu kila mkoromo kuwa furaha, na sikufungua mdomo.

*

Nilimpigia Mbwana Muheza. Nilimuuliza Jemadari anaendeleaje.

"Huyu? Amekuwa sufi," Mbwana alisema. "Analala kutwa na Shangazi, anamlamba kichwa. Mwanzo wiki nzima alizunguka ua akimtafuta wa kumkimbiza. Shangazi hakimbii. Na asiyekimbia hakimbizwi, dada."

"Kwani alikuwa anamkimbiza Kashata?"

Mbwana siku hizi ni mtu mpole, anafuga nyuki na kulea wajukuu. "Saumu," alisema, "wewe ndiye ulikuwa unatakiwa uone. Kashata alikuwa hashuki ukutani mama asipokuwepo. Mimi nilidhani mnajua wote."

Shebughe nilimweleza yote karakana, tukiwa tumekaa juu ya makasha. Nilitegemea atanitania. Hakunitania.

"Mama anakula?" aliuliza.

"Anakula."

"Anaimba?"

"Anaimba."

"Basi usiguse kitu." Alikuwa anafuta bisibisi ambayo ilikuwa safi tangu asubuhi. "Baba yangu alikufa na kiu ya ua, unajua. Alikuwa anatazama ukuta. Ningekuwa na kitufe cha kumrudisha siniani tukala naye mara moja zaidi, ningebonyeza, na paka wote wa Tanga walie mpaka asubuhi. Unapima nini hapo? Paka mmoja na mama mmoja."

Niliuacha mwangwi kama ulivyo. Nikapita kwa mama siku ya pili, na ya tatu, na kila nilipopita sikuweza kuitazama khanga. Mama alikuwa mzima wa afya. Mle chini ya kitambaa mlikuwa na kiumbe kinachoishi kila saa na adui nyuma ya mlango, na adui huyo nilimweka mimi, kwa mapenzi, kwa ukucha wangu mwenyewe. Na ningemwondoa, ningekuwa nimemnyang'anya mama kitu cha mwisho alichotoka nacho nyumbani.

Kulikuwa na jambo jingine lililonizuia, na hilo sikumwambia Shebughe. Nikimwambia mama kuhusu Kashata, angeniuliza kuhusu mimi.

Maana mimi pia nilikuwa wa mapajani. Zaituni alikuwa na vidole vya kufinya, na Mbwana alikuwa na vyura na mpira wa kuniponda nao, na mahali pekee katika ua ule ambapo hawakuthubutu kunigusa palikuwa nyuma ya mgongo wa mama. Nilipokwenda bweni Korogwe, mbali nao, likatoka toto jingine kabisa: mcheshi, mbishi, mkimbiaji wa mbio za kupokezana vijiti. Mama alikuja siku ya wazazi akanitafuta uwanjani hakunitambua. Alirudi nyumbani akawaambia watu, "Saumu wangu alikuwa mpole, anayenipenda. Shule imemharibu." Nami tangu siku hiyo nimekuwa napita tu, sikai, kwa sababu kila nikikaa naona anamtafuta yule mwingine.

*

Nilimwambia siku ya Jumapili mchana, akiwa anasuka. Nilianza vibaya.

"Mama, Kashata akija kwako si kwa sababu anakupenda."

Vidole havikusimama. "Unasema nini?"

"Anamkimbia Jemadari. Mkufu unamwambia Jemadari yuko mlangoni. Nilifanya mimi, nilidhani anawakumbuka."

"Jemadari yuko Muheza."

"Mimi na wewe tunajua. Yeye hajui."

Sasa vidole vilisimama. Aliitazama khanga yake, na kile kinundu kinachokoroma. "Na kule nyumbani?"

"Kule nyumbani Jemadari alikuwepo kweli."

"Miaka yote ile?"

"Mbwana anasema hivyo. Ndiyo maana ulikuwa unampa kichwa cha samaki kwa siri, mama. Ulikuwa unajua na hujui."

Nilimwona akikusanya hasira kama mtu anayekusanya nguo juani mvua ikitisha. "Kwa hiyo mimi ni uvungu wa kitanda," alisema. "Nimekaa na paka huyu mapajani maisha yake yote, nimemwonea fahari mbele za watu, kumbe mimi ni uvungu. Penye joto, basi."

"Mama..."

"Na wewe?" Aligeuka. Mama yangu, ambaye kwa miaka yote ile hakugeuka hata kuchukua jani, aligeuka akanitazama usoni. "Wewe ulikuwa hubanduki mgongoni kwangu. Na wewe ulikuwa unamkimbia mtu?"

Ningeweza kusema uongo. Ulikuwa tayari mdomoni, mtamu, usiomdhuru mtu.

"Zaituni," nilisema. "Na Mbwana. Walikuwa wakinipiga usipotazama."

Nzi wa mizigo alipita dirishani na kifurushi chake, kivuli chake kikapita juu ya mkeka. Mama alikifuata kwa macho mpaka kikatoweka.

"Paka hana mdomo," alisema mwishowe. "Wewe ulikuwa nao. Ungeniambia, ningewachapa mpaka wakome."

"Ungewachapa, na mimi ningekosa sababu ya kukaa pale."

Nilisema bila kufikiri, na nilipokwisha kusema ndipo nilipojua kwamba ni kweli. Sijui mama alisikia nini katika maneno yale. Kisha akafunua khanga.

"Kitufe kiko wapi?"

Nilimwonyesha. Alikibonyeza mwenyewe, kwa ukucha wake wa dole gumba uliokomazwa na kupasua miyaa. Mkoromo ukakatika. Tukaona mabega ya Kashata yakishuka, na kucha zikitoka kwenye kitambaa, moja baada ya nyingine. Akainua kichwa. Akasikiliza mlango. Mama hakusogea, hata kupumua nadhani hakupumua, na mimi niliona wazi anachoomba: kwamba abaki, angalau kidogo, sasa ambapo hakuna anayemfukuza.

Kashata alisimama, akajinyoosha mgongo wa upinde, akashuka, akaenda zake dirishani.

Mama alilia kwa sauti, kilio cha msibani, kichwa kimetupwa nyuma. Alimlilia paka, akaulilia ukuta wenye kigae kilichovunjika, akamlilia Bi Halima na nyumba na treni. Nilimshika. Nilijilaumu kwa kila neno, huku nikimwona akilini Shebughe akifuta bisibisi yake safi.

*

Kesho yake sikupita mchana. Nilikwenda asubuhi, mbio, bila kwenda kazini kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kukuta mlango usiofunguliwa.

Mlango ulikuwa wazi. Mkeka ulikuwa umehamishwa kutoka katikati ya sebule mpaka chini kabisa ya dirisha, na mama alikuwa amekaa hapo miguu ameinyoosha. Alikuwa anakula samaki, asubuhi ile, bila aibu. Kichwa cha samaki kilikuwa kwenye kisosi, juu ya kizingiti, na Kashata alikuwa anakitafuna amempa mama mgongo. Kwenye kigae palikuwa na kijani tu, kijani cha kawaida kisicho na habari. Macho ya mama yalikuwa yamevimba kwa kulia.

"Msikilize anavyokula," alisema. "Mfupa kwa mfupa. Kule nyumbani alikuwa anameza bila kutafuna, mimi nikadhani ndiyo njia yake." Alichomoa mwiba mdomoni. "Hakuja usiku. Wala asubuhi. Nimemwita, amegeuza sikio."

"Pole mama."

"Masikio yote mawili lakini," alisema.

Kashata alimaliza, akanawa uso kwa mkono, akajilaza kwenye kizingiti juu tu ya kichwa cha mama. Mkia wake uliteremka ukaning'inia karibu na bega la mama. Hakumgusa. Mama naye hakumgusa. Alipangusa vidole, akachukua ukili wake, akaendelea pale alipoachia jana.

"Unapita?" aliuliza, macho yakiwa kwenye kazi.

Mfukoni kigae kilianza kuita kutoka karakana. Nilikitoa nikakilaza kifudifudi juu ya meza. Nikavua viatu. Nikazunguka nyuma yake, nikakaa chini, na kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu kiti cha zamani, nikaegemeza mgongo wangu kwenye mgongo wake.

"Umekuwa mzito," mama alisema.

"Umri, mama."

"Zaituni yuko Dar. Mbwana yuko Muheza. Unamkimbia nani leo?"

"Simkimbii mtu."

Nilisikia pumzi yake ikipita mgongoni mwangu, ikatulia. Nilivuta fungu la miyaa nikaliweka magotini. Baada ya muda alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nami nilikuwa nimeshamwandalia jani.